Je, mhafidhina anaweza kumtetea Rais anayezuia fedha zilizokwisha kupitishwa na Bunge?

Mwalimu wa Igoma

Mwangaluka, ndugu zangu. Ninafundisha somo la Uraia hapa Igoma, Mwanza, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasoma wahafidhina wa Marekani, kwa sababu hoja zao za msingi ninaziona za kweli: kwamba serikali iliyo karibu na wananchi huwajibika kuliko iliyo mbali nao, kwamba deni linaloliwa leo litalipwa na watoto ambao hakuna aliyewauliza, na kwamba familia na nyumba za ibada zilikuwapo kabla ya wizara yoyote. Ronald Reagan, alipoapishwa tarehe 20 Januari 1981, alisema kwamba katika mgogoro uliokuwapo wakati ule serikali haikuwa suluhisho la tatizo, bali serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa tatizo. Wanaomnukuu mara nyingi huyaacha yale maneno ya mwanzo kuhusu mgogoro wa wakati ule, lakini hata ukiyarudisha mahali pake hoja haipungui uzito.

Linalonisumbua ni hili. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la Marekani la misaada ya nje, imefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika hilo likaacha kufanya kazi kama chombo kinachojitegemea. Mwishoni mwa Agosti Rais akalipelekea Bunge ombi la kufuta dola bilioni 4.9 za misaada ukiwa umebaki takriban mwezi mmoja tu mwaka wa fedha uishe, yaani tarehe 30 Septemba, ili muda wa fedha hizo umalizike zikiwa bado zimeshikiliwa. Fedha zote hizo zilikuwa zimepitishwa na Kongresi, yaani Bunge lao, kwa sheria iliyotiwa saini.

Kuhusu kupunguza matumizi yenyewe, kwa sehemu kubwa ninakubaliana na Rais. Njia aliyopita ndiyo inayonipa taabu, na ninaona kwamba hata waandishi wa kihafidhina wamegawanyika: wapo wanaosema Ibara ya Pili ya Katiba yao inamkabidhi Rais mamlaka yote ya utendaji, na wapo wanaosema mfuko ni wa Kongresi na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha nne, binti anayekaa dawati la nyuma na asiyesema sana, aliniuliza: "Mwalimu, kama Bunge limeshapitisha, Rais anakataaje?" Nilimwambia nitamjibu Ijumaa. Naombeni mnisaidie, na nitashukuru zaidi mkijibu kama watu wanaoutakia uhafidhina mema.

Mchuuzi wa Kirumba

Salaam, Mwalimu. Mimi nipo Mwaloni, Kirumba, ninanunua mabondo ya sangara, na nitasema waziwazi kwamba ninamuunga mkono Rais Trump katika jambo hili, kwa njia na kwa lengo.

Alipoingia madarakani mwaka 2025 deni la serikali ya shirikisho lilikuwa limevuka dola trilioni 36, na ilipofika Agosti lilikuwa limevuka trilioni 37. Katika mwaka wa fedha wa 2024 riba peke yake ilizidi hata matumizi ya ulinzi. Mfanyabiashara yeyote hapa sokoni anajua kwamba ukifika mahali ambapo riba inakula kuliko mlinzi wa ghala lako, huna tena nafasi ya kuitisha vikao. Unakata unapoweza kukata, leo. Kongresi imekuwa ikipitisha matumizi kwa miswada minene ya kurasa zaidi ya elfu, ambayo wabunge wenyewe hawapati muda wa kuisoma. Katika hali hiyo, Rais ndiye kiongozi pekee, pamoja na makamu wake, anayechaguliwa na nchi nzima, na kama yeye hana uwezo wa kusema "hapana" kwa ofisa ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote, basi uchaguzi una maana gani?

Tukumbuke pia kwamba USAID yenyewe ilizaliwa kwa amri ya Rais John F. Kennedy mwaka 1961. Kilichojengwa kwa kalamu ya Rais mmoja kwa nini kisivunjwe kwa kalamu ya mwingine? Na kuzuia matumizi si jambo jipya, kwa maana Rais Thomas Jefferson mwaka 1803 aliacha kutumia dola 50,000 zilizotengwa kwa ajili ya boti za mizinga katika Mto Mississippi, na hakuna aliyemwita dikteta.

Lipo jambo jingine ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulisema wenyewe. Mzazi wa Marekani anayefanya kazi ya usiku kiwandani hana wajibu wa kudumu wa kulipia zahanati ya Mwanza. Wajibu huo ni wetu. Ninalipa ushuru wa kila kilo inayopita mikononi mwangu, na ningependa kuuona ushuru huo kwenye dawa za kituo cha afya kuliko kusubiri huruma ya watu wa mbali ambao siku wakichoka hatuna la kuwaambia.

Wakili wa Nyegezi

Kaka wa Kirumba, hilo la mwisho ninalikubali lote. Mengine naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu mimi pia ninajihesabu kuwa mhafidhina, na ninaamini kwamba hoja unayoitetea inauvunja uhafidhina kutokea ndani.

Nianze na kikoba. Wengi humu tumo kwenye vikoba, na sanduku la kikoba mnalijua: la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake tatu hukaa kwa wanachama watatu ambao hata mwenyekiti si mmoja wao. Katika kikoba kimoja nilichokuwamo, mkutano ulipitisha mikopo ya wanachama wanne. Mwenyekiti, mtu mwadilifu ambaye hakuwahi kula hata shilingi, akaona wawili kati yao hawataweza kurejesha, akawaambia wenye funguo wasije siku ya kugawa. Kuhusu wale wawili alikuwa sahihi kabisa. Mmoja alikuja kushindwa kulipa deni lake kwingineko. Lakini kuanzia siku ile hakuna mwanachama aliyejua tena kama kura yake mkutanoni ina uzito, na hisa zikaanza kupungua wiki hadi wiki. Mwenyekiti angeweza kuurudisha mkutano na kusema, "Naomba tufikirie upya," na ninaamini angeshinda. Hakutaka kuomba.

Waasisi wa Marekani waliweka kufuli zao kwa makusudi. Ibara ya Kwanza, fungu la tisa, inasema fedha hazitatolewa Hazina ila kwa sheria iliyopitishwa, na Ibara ya Pili inamtaka Rais ahakikishe sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Sheria ya matumizi ni sheria kama nyingine. Rais Richard Nixon alipozuia mabilioni ambayo Kongresi ilikuwa imeyapitisha, likiwamo fungu kubwa la kusafisha maji, Kongresi ilijibu kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzuiaji wa Fedha, ambayo Nixon mwenyewe aliitia saini tarehe 12 Julai 1974, wiki chache kabla ya kujiuzulu. Sheria hiyo inamruhusu Rais kuiomba Kongresi ifute matumizi, na kuzishikilia fedha kwa siku 45 za vikao wakati ombi linafikiriwa. Kongresi isipokubali, lazima azitoe. Ombi la Agosti 2025 lilipelekwa ikiwa imebaki pungufu ya siku hizo 45, ndiyo maana Seneta Susan Collins, wa Republican, chama cha Rais mwenyewe, na mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya Seneti, alisema ni uvunjaji wa sheria ulio wazi. Ni kweli kwamba mwishoni mwa Septemba Mahakama ya Juu iliruhusu fedha ziendelee kushikiliwa, lakini huo ulikuwa uamuzi wa muda, wa maelezo mafupi, na haukutamka kwamba Rais ana haki hiyo kikatiba.

Ukidhani haya ni mawazo ya waliberali, mtazame William Rehnquist. Mwaka 1969, akiwa mwanasheria katika Wizara ya Sheria ya Nixon huyohuyo, aliandika kwamba ni vigumu mno kujenga nadharia ya kikatiba inayomruhusu Rais kukataa agizo la Kongresi la kutumia fedha. Baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, na mhafidhina kwelikweli. Mwaka 1998, katika shauri la Clinton dhidi ya Jiji la New York, Mahakama ya Juu ilifuta sheria iliyokuwa imempa Rais uwezo wa kukata vifungu vya bajeti kimojakimoja baada ya kuitia saini. Rehnquist alikuwa upande wa walio wengi, na Jaji Clarence Thomas pia. Tena uwezo ule ulikuwa umetolewa na Kongresi yenyewe, ikiongozwa na Republican, kwa sheria ya mwaka 1996. Kama hata kwa kupewa haikufaa, itafaaje kwa kujichukulia?

Juu ya Jefferson, kaka, mfano huo unanukuliwa sana, lakini isome sheria yenyewe: ilimruhusu kujenga boti zisizozidi 15. Idhini ya "zisizozidi" si amri ya kujenga. Hatari ya Mississippi ilipokwisha kwa ununuzi wa Louisiana, Jefferson aliieleza Kongresi wazi kwamba amezihifadhi fedha. Na juu ya USAID, ni kweli Kennedy aliianzisha kwa amri, ila mwaka 1998 Kongresi iliiweka katika sheria kama chombo cha kujitegemea, na huwezi kufuta kwa kalamu kile ambacho sasa kimesimama juu ya sheria.

Sasa ninafika kwenye linaloniuma. Mwaka 2014 Barack Obama alisema ana kalamu na simu, na kwamba hataisubiri Kongresi. Wahafidhina tulipaza sauti, na tulikuwa na haki. Mwaka 2022 Joe Biden alitaka kufuta mikopo ya wanafunzi ya takriban dola bilioni 400 bila idhini ya wazi ya Kongresi; mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura sita dhidi ya tatu, tukafurahi, na furaha ile pia ilikuwa ya haki. Mwaka 2025 tukinyamaza, rais atakayekuja kutoka upande wa pili atazishikilia fedha za walinzi wa mpakani kwa njia hiihii, na hatutakuwa na neno la kumwambia.

Wala si kweli kwamba njia halali ilikuwa imefungwa. Juni 2025 Rais aliiomba Kongresi ifute kiasi cha dola bilioni 9, karibu bilioni 8 zikiwa za misaada ya nje na zilizobaki za utangazaji wa umma. Seneti ilipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, Baraza la Wawakilishi kwa 216 dhidi ya 213, akatia saini tarehe 24 Julai. Kabla ya kupitisha, maseneta waliondoa kipengele kilichotaka kukata dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI. Ule mjadala ndio uliotenganisha kilichostahili kukatwa na kisichostahili.

Muuguzi wa Nansio

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi si mjuzi wa Katiba ya Marekani, lakini mambo haya yalipita mbele ya meza yangu, nami naomba niyaseme.

Mpango ule wa UKIMWI, PEPFAR, ulitangazwa na George W. Bush tarehe 28 Januari 2003 katika hotuba yake kwa Kongresi, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Kongresi ikaupitisha kwa kura za vyama vyote viwili. Huyo alikuwa Rais mhafidhina, tena aliyesema waziwazi kwamba imani yake ndiyo inayomsukuma. Sisi wa kanda hii tunajua maana yake, kwa sababu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya maji, na mwenye umri wangu hakosi jina la mtu aliyezikwa kabla dawa hazijafika.

Mwisho wa Januari 2025 tulipokea barua ya kusimamisha kazi kutoka mradi uliokuwa ukiwalipa wahudumu wetu wa jamii. Haikusema nani ataendelea na nani hataendelea. Ilisema kazi isimame siku hiyohiyo. Tarehe 28 Januari Waziri Rubio alitoa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha, nami ninamshukuru kwa hilo, lakini msamaha uliotolewa Washington haufiki kisiwani siku hiyohiyo. Wiki ile alikuja mvuvi mmoja kutoka kisiwa cha jirani akiwa na kopo lake la dawa. Alilimimina juu ya meza, akahesabu vidonge kwa kidole, viwili viwili, kisha akaniambia kwamba tangu aliposikia habari redioni alikuwa akimeza kimoja kila baada ya siku moja ili vimfikishe mbali. Dawa zilikuwapo kabatini, nyuma ya mgongo wangu. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa sababu kijana wa baiskeli aliyekuwa akiwapitia watu kama yeye majumbani alikuwa ameachishwa kazi siku tatu kabla.

Kaka wa Kirumba, nami ninataka tujilipie wenyewe. Lakini mtu akitaka kuacha kumsomesha mtoto wa ndugu yake, hamtoi darasani katikati ya mtihani.

Mchuuzi wa Kirumba

Dada wa Nansio, nimekusoma mara mbili. Pole sana, na pole kwa huyo mvuvi. Ninarudia kwamba wajibu ni wetu, ila nakubali kwamba hatua zilizochukuliwa namna ile hazikuwa na adabu ya mtu anayefunga hesabu vizuri.

Wakili, juu ya Jefferson umenishinda, sikuwa nimeisoma sheria ile. Ninabaki na swali moja ambalo hukuligusa. Kongresi yenyewe ikikataa kukata chochote kwa miaka 20, mhafidhina asubiri tu?

Wakili wa Nyegezi

Asisubiri, kaka, apige kura na aombe kura. Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu ukubwa wa vitu. Kabla ya kukatwa, misaada ya nje yote ilikuwa kiasi cha asilimia moja ya bajeti ya serikali ya shirikisho. Hata ingefutwa yote kwa siku moja, lile deni la trilioni 37 lisingesikia. Fedha nyingi zimo katika pensheni za wazee, bima ya afya, ulinzi na riba. Tarehe 4 Julai 2025 Rais alitia saini ile sheria yake kubwa ya kodi na matumizi, ambayo Ofisi ya Bajeti ya Kongresi ilikadiria itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Seneta Rand Paul na Mbunge Thomas Massie, wote wa Kentucky na wote Republican, waliipinga kwa sababu ya deni hilohilo unalolilia wewe, na wakashambuliwa na watu wa chama chao. Kwangu mimi hao wawili ndio waliojibu swali lako: walisimama ndani ya Bunge na kuzihesabu fedha hadharani.

Yupo pia mzee ambaye sipendi asahauliwe. Seneta Jesse Helms wa North Carolina aliwahi kusema misaada ya nje ni fedha zinazomwagwa kwenye mashimo ya panya, na katika miaka ya 1990 alipigania USAID ivunjwe. Aliipigania kwa miswada, kwa mikutano ya kamati, kwa kubishana na Rais Bill Clinton, na alichokipata ni ile sheria ya mwaka 1998, ambayo haikumpa yote aliyoyataka. Mwaka 2002, akiwa mzee na mgonjwa, alikiri kwamba alikuwa amezembea mno kuhusu UKIMWI, akaomba dola milioni 500 kwa ajili ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hakubadili uhafidhina wake. Katika miaka ile ya kubishana alikuwa amelazimika kuwasikiliza watu, na Rais anayeamua peke yake kwa siku moja hana wa kumsikiliza.

Mwalimu wa Igoma

Nawashukuru nyote, na dada wa Nansio hasa.

Nitakapomjibu yule binti nitaanza na Katiba yetu, kwa sababu Ibara ya 135 na 136 zinazozungumzia Mfuko Mkuu wa Hazina zinafanana sana na kile alichokieleza Wakili: fedha hazitoki mpaka Bunge liidhinishe. Kisha nitawaonyesha tofauti moja ambayo wanafunzi huwa hawaitarajii. Kwetu, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Rais wa Marekani hana uwezo wa kuivunja Kongresi kwa sababu yoyote ile. Ana kura ya turufu, ambayo theluthi mbili za kila baraza zinaweza kuishinda, na ana haki ya kuomba. Waasisi wao walimnyima hilo baada ya kuona wafalme wa Uingereza walivyoyafanya mabunge yao, na nadhani hapo ndipo swali la binti linapojibika: akikataa fedha zilizopitishwa, anajirudishia kwa mlango wa nyuma mamlaka waliyomnyima mlangoni.

Kaka wa Kirumba, nimeandika swali lako kuhusu ile miaka 20 kama lilivyo, na nitawapa kundi la pili walitetee, kwa maana ni swali la haki na sitaki liwe jepesi kwao. Wakili, kama una nafasi Ijumaa saa nne asubuhi, karibu darasani. Kikoba cha walimu kimekubali kuniazima sanduku. Funguo nitawapa wanafunzi watatu tangu asubuhi, na mmoja wao atakuwa yule binti wa dawati la nyuma.